Nzi wa matunda mwenye XXY ni jike, binadamu mwenye XXY ni mwanamume: kinachoamua ni nini hasa?

kifuko_cha_mayai:
Wakuu, salaam. Naomba wanaoijua jenetiki ya nzi wa matunda (Drosophila melanogaster) wanisaidie.

Upandishaji ni ule wa kawaida wa darasani. Jike wa macho meupe, yaani ana aleli (toleo la jeni) w kwenye X zote mbili, amepewa dume wa macho mekundu. Joto ni nyuzi 25. Kwa kanuni, majike wote wa kizazi cha kwanza watoke na macho mekundu kwa sababu ya X ya baba, na madume wote watoke na macho meupe kwa sababu X yao ni ya mama tu. Wengi wametoka hivyo hivyo. Ila kuna majike kadhaa wa macho meupe na madume wachache wa macho mekundu.

Kitabu kinasema hao ni matokeo ya kromosomu kutotengana (X mbili za mama kushindwa kuachana yai linapotengenezwa): jike mweupe ni XXY, dume mwekundu ni X peke yake bila Y. Hapo ndipo ninapokwama. Nitajuaje kwamba si uchafu wa chupa? Na kwa nini XXY awe jike wakati ana Y? Halafu vitabu vingine vinasema jinsia inaamuliwa na uwiano wa X kwa seti za kromosomu za kawaida, vingine vinasema idadi ya X tu. Nishike lipi?

lenzi20:
Mkuu, anza na chupa, jenetiki ije baadaye.

Kutotengana kwa X ndani ya jike wa kawaida ni tukio la nadra, takriban mtoto mmoja kati ya 2,000. Kama umehesabu nzi mia tatu na "wa ajabu" wako ni saba au nane, hesabu yenyewe inakukatalia, isipokuwa kama mama tangu mwanzo alikuwa XXY. Hilo nitalifikia.

Sababu namba moja ni mama kutokuwa bikira. Jike hutunza mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa siku nyingi. Akiwa ameshapandwa na kaka yake wa macho meupe kwenye chupa ya akiba, baadhi ya watoto watakuwa wa huyo kaka, na humo utapata majike weupe. Kwa nyuzi 25 jike huanza kukubali dume yapata saa 8 baada ya kutoka kwenye pupa. Ukiweka chupa kwenye nyuzi 18 una kama saa 16. Kwa hiyo mwaga nzi wote asubuhi, kagua kizibo cha pamba maana huwa wanajificha pale, kisha rudi kuokota majike kabla muda huo haujaisha. Walio wachanga kabisa wamepauka na wana doa la kijani iliyokolea tumboni, mabaki ya mlo wa mwisho wa ubuu. Waweke peke yao kwenye kichupa chenye chakula kwa siku 3. Mayai yasiyorutubishwa hayaanguliwi, hivyo ukiona mabuu, kichupa hicho chote kitupe.

Lakini angalia vizuri: mama asiye bikira anaeleza majike weupe peke yao. Madume wekundu hawezi kuwaeleza, kwa sababu dume wa kawaida anapata X kwa mama, na mama yako hana aleli nyekundu hata moja. Ukiona makundi yote mawili na idadi si ndogo, shuku kizazi cha pili kimeingia kwenye hesabu ya kwanza. Majike wekundu wa kizazi cha kwanza wanabeba w kwa siri. Wakipandwa na kaka zao weupe, nusu ya binti zao wanakuwa weupe na nusu ya wana wao wa kiume wanakuwa wekundu. Ni sura ile ile unayoita kutotengana. Dawa ni kalenda. Kwa nyuzi 25 yai hadi nzi ni siku 10 hivi. Toa wazazi siku ya 5 hadi ya 7, na funga hesabu siku ya 18 tangu ulipowaweka pamoja. Kinachotoka baada ya hapo usikiamini.

Kosa la tatu ni la macho yetu. Dume mzima ana ncha nyeusi ya tumbo, lakini dume aliyetoka sasa hivi bado hajaiva rangi na wengi humhesabu kuwa jike. Tazama mguu wa mbele kwa darubini ya mara 20: dume ana kitana cheusi cha meno kama 10 hivi kwenye pingili ya kwanza ya wayo. Jike hana. Kitana hakidanganyi hata kwa nzi mchanga.

Kama unaweza kupanga upya, usitumie w peke yake. Tumia mama mwenye w na pia e, ile aleli ya mwili mweusi iliyoko kromosomu ya 3, inayojificha ikiwa moja. Baba awe wa kawaida kwa yote mawili. Binti wa kutotengana halisi atakuwa na macho meupe, maana X zote ni za mama, lakini mwili wa rangi ya kawaida, maana kromosomu ya 3 moja ni ya baba. Binti wa mama aliyekwisha kupandwa na ndugu yake atakuwa na macho meupe NA mwili mweusi. Na kizazi cha pili kikiingia, robo ya nzi wake watakuwa weusi. Kwa hiyo mwili mweusi wowote ukionekana kwenye chupa, jibu umelipata bila kubishana.

Sasa uthibitisho. Dume mwekundu wako mpe majike bikira wawili au watatu wa macho meupe, kila dume na kichupa chake, wiki nzima. Kama ni X bila Y, atachumbia na kupanda kama kawaida lakini hatazaa, kwa kuwa jeni za kukamilisha mbegu ziko kwenye Y. Akizaa, ama ni mvamizi, ama mama yake alikuwa XXY. Jike XXY hutoa mayai ya namna nne: X, XY, na machache ya XX na Y. Yai la Y likikutana na mbegu yenye X ya baba, unapata dume mwekundu wa XY kamili, anayezaa. Ndiyo maana uzazi wa dume huyo unakuambia kutotengana kulikuwa kwa mara ya kwanza (mama wa kawaida) au kwa mara ya pili (mama XXY).

Jike mweupe mpandishe na dume mwekundu wa kawaida. Kama ni XXY kweli, watoto wake watarudia ukiukaji kwa karibu 4 kati ya kila 100, sio 1 kati ya 2,000. Hapo huhitaji hata kutazama kromosomu.

mzunguko_wa_14:
Nachukua swali la pili na la tatu, lenzi20 amemaliza la kwanza.

Kwa binadamu Y ina jeni SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, na hiyo ndiyo inayosukuma tezi changa iwe korodani. Ikiwepo, kiumbe anaelekea kuwa wa kiume hata akiwa na X mbili. Y ya nzi haina jeni ya namna hiyo. Kazi yake kubwa ni uzazi wa dume: ina jeni chache, kama zile za kundi la kl, zinazojenga mkia wa mbegu. Calvin Bridges alilionyesha hili mwaka 1916 kwa upandishaji huu huu wa macho meupe. XXY ni jike anayezaa. X peke yake ni dume mgumba. Linganisha na binadamu mwenye X moja bila Y: huyo ni mwanamke.

Basi nzi anahesabu X. Anahesabuje? X inabeba jeni zinazoamka mapema sana kwenye kiinitete: sisA, scute, runt na unpaired. Kila X inaleta dozi yake. Kazi ya dozi hiyo ni kuwasha jeni Sxl, nayo iko kwenye X vilevile, kupitia promota (swichi ya kuwashia jeni) yake ya mapema. Upande wa pili kuna vizuizi, kama protini ya jeni deadpan na ile ya groucho ambayo mama huiweka ndani ya yai. X mbili zinakishinda kizuizi. X moja haifiki.

Muda ndio kiini cha hoja. Kiinitete cha nzi kinagawanya viini vyake mara 13 kwa haraka bila kuta za seli katikati, na kuta huja katika mzunguko wa 14. Promota ya mapema ya Sxl inasikiliza takriban kuanzia mzunguko wa 12 hadi mwanzoni mwa 14, kisha inanyamaza. Baada ya hapo promota ya kudumu inawaka kwa jinsia zote mbili, lakini RNA yake ina eksoni (kipande) ya 3 yenye alama ya kusimamisha protini. Aliyetengeneza protini ya Sxl mapema, protini hiyo inairuka eksoni ya 3 wakati RNA inakatwa na kuungwa, hivyo Sxl nzima inaendelea kutengenezwa, nayo inalinda ukataji wa RNA yake yenyewe maisha yote. Ambaye hakuwa nayo anaiacha eksoni ya 3 ndani, protini inakatika njiani, haifanyi kazi. Uamuzi wa saa za mwanzo unajifunga wenyewe. Jeni za kuhesabu zinaweza kuzimika, jinsia haibadiliki.

pcb_mwaka_wa_mwisho:
Samahani wakubwa, ila kwenye mtihani tunaandika uwiano wa X:A. 1.0 jike, 0.5 dume, 0.67 katikati. Mkisema ni idadi ya X mtatukosesha alama.

mzunguko_wa_14:
Andika uwiano, dogo, alama zako zitatoka. Jedwali la Bridges la 1921 halijakosea kutabiri. Alitumia majike wenye seti tatu za kromosomu (A ni seti moja ya zile zisizo za jinsia) na akapata haya:

3X na 3A: jike. 2X na 2A: jike. 1X na 2A: dume. 2X na 3A: mchanganyiko wa jike na dume, mgumba. 3X na 2A: jike aliyezidi, dhaifu, wengi hufa kabla ya kutoka kwenye pupa. 1X na 3A: dume aliyezidi, dhaifu na mgumba.

Tatizo si jedwali, ni maelezo. Watu walidhani kiinitete kinapima X dhidi ya A kama mizani yenye masahani mawili. Mwaka 2007 Erickson na Quintero walionyesha kwamba kinachopimwa ni dozi ya X, na A inaingia kwa mlango wa nyuma kwa kubadilisha muda. Kiinitete chenye seti moja tu (1X na 1A) kinafanya mzunguko mmoja zaidi kabla ya kuta za seli, kwa hiyo dirisha la Sxl linabaki wazi kwa muda mrefu na hata X moja inafikisha kiasi kinachotakiwa. Chenye seti tatu kinawahi kufunga, kwa hiyo X mbili zinapungukiwa muda. Ndani ya 2X na 3A baadhi ya seli zinawahi kuwasha Sxl na nyingine zinachelewa, ndiyo maana mwili wake ni viraka vya seli za kike na za kiume, si seli zenye jinsia ya nusunusu.

Na hilo linaleta jambo ambalo wanafunzi wengi hawalisikii: kwa nzi kila seli inajiamulia yenyewe. Chukua majike wekundu wa upandishaji wa mleta mada, wale wa w+ (aleli ya macho mekundu) na w. Mara chache sana kiini kimoja kinapoteza X yenye w+ katika mgawanyiko wa kwanza kabisa. Nzi huyo anaweza kutoka upande mmoja jike mwenye jicho jekundu, upande wa pili dume mwenye jicho jeupe na kitana mguuni, na mpaka kati yao ni dhahiri.

dsx_na_wenzake:
Naongezea kinachofuata baada ya Sxl, kwa sababu hapo ndipo majibu ya mitihani huharibika. Mtu anaandika "Sxl ikiharibika, jike anakuwa dume". Hapana. Anakufa.

Sxl ina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni jinsia. Inakaa juu ya RNA ya jeni tra na kuziba sehemu ya kwanza ya kuungia, hivyo inatumika sehemu ya mbele zaidi na tra inatoa protini kamili. Kwa dume tra haina protini ya maana. Tra ikishirikiana na Tra2 inafanya mambo mawili: inailazimisha RNA ya jeni dsx ichukue eksoni ya 4, na kutoa protini ya kike ya dsx (amino asidi 427) badala ya ya kiume (549), na inazuia jeni fru isitoe protini ya kiume inayopanga mishipa ya fahamu ya uchumba.

Kazi ya pili ni dozi. Dume ana X moja na lazima aifanye itoe karibu mara mbili, vinginevyo anapungukiwa bidhaa za jeni zaidi ya elfu mbili. Kikosi cha protini za MSL pamoja na RNA za roX hukaa juu ya X ya dume na kubandika asetili kwenye histoni H4 (protini ambayo DNA huizunguka), nafasi ya 16. Jike hana kikosi hicho kwa sababu Sxl inazuia msl-2 isitafsiriwe kuwa protini. Sasa ondoa Sxl kwa jike XX: kikosi kinajengwa, kinapandisha X ZOTE MBILI, na kiinitete hakiwezi kustahimili. Kinyume chake, aleli ya SxlM1, inayowaka hata kusipokuwa na X mbili, huua madume XY kwa kuwanyima kikosi hicho.

Kutoka tra kwenda chini vifo havipo, kwa sababu dozi haiguswi tena. XX asiye na tra ni dume kwa sura: kitana anacho, ncha nyeusi anayo, anachumbia, lakini ni mgumba na umbo lake ni kubwa kama la jike. XY asiye na tra ni dume wa kawaida kabisa, anazaa. Kwa hiyo ukipandisha jike tra/+ (mwenye aleli moja mbovu ya tra na moja nzima) na dume tra/+ usitegemee 1:1. Robo ya XX wanahamia upande wa madume na unapata madume 5 kwa majike 3. Kuwatenga madume bandia, tumia baba mwenye Y yenye alama ya BS inayofanya jicho kuwa jembamba: dume asiye na jicho jembamba ni XX.

tra2 ni tofauti kidogo: XX bila hiyo anakuwa dume bandia vilevile, lakini XY naye anakuwa mgumba, kwa kuwa tra2 inahitajika kukamilisha mbegu. Kuna aleli ya tra2 inayotegemea joto, XX wake wanakuwa madume kwa nyuzi 29 na majike kwa nyuzi 16. Ni kifaa kizuri cha darasani kama una kabati la joto linaloaminika. Likipanda na kushuka utapata nzi wa katikati, na utalaumu jeni bure. dsx ikikosekana kabisa, XX na XY wote wanatoka wa katikati, maana hakuna toleo la kike wala la kiume.

embe_dodo:
Angalizo moja kwa wasomaji wa kilimo. Huku kwetu ukisema "nzi wa matunda" mkulima wa embe anaelewa wale wanaotoboa tunda likiwa bado mtini, mfano Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 2003. Hao si Drosophila, ni ukoo mwingine, na jinsia yao haiamuliwi kwa njia hii hata kidogo. Kwa ndugu yao Ceratitis capitata, Y ndiyo inaamua: ina jeni MoY, iliyotangazwa 2019, ambayo huizima tra kwenye kiinitete. Sxl ipo kwao lakini haihusiki na jinsia. Na ukizima tra kwenye viinitete vya XX, unapata madume wanaozaa, jambo lisilowezekana kwa Drosophila kwa sababu ya zile jeni za uzazi zilizo kwenye Y.

Hii ina faida shambani. Katika viwanda vya kuzalisha madume wagumba wa Ceratitis, aleli ya kawaida ya jeni inayozuia kifo cha joto imehamishiwa kwenye Y. Mayai yakiwekwa nyuzi 34 kwa saa 24, ya kike yanakufa, ya kiume yanaendelea. Msichukue maelezo ya Sxl mkayapeleka kwenye embe.

kifuko_cha_mayai:
Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: dume mwekundu wangu naweza kumpima ugumba moja kwa moja kwa darubini badala ya kusubiri wiki? Na maabara haina kabati la joto, nyuzi 25 niliyoandika ni ya asubuhi.

lenzi20:
Unaweza. Mtenge bila majike siku 4 au 5 ili mbegu zijikusanye. Mlaze kwa baridi, mpasue ndani ya tone la maji ya chumvi (gramu 7 kwa lita), toa korodani, ni mirija miwili ya njano iliyojisokota. Chini yake kuna kifuko cha mbegu. Kifunike kwa kioo chembamba, kibonyeze kidogo kipasuke, tazama kwa mara 100 kisha 400. Kwa XY utaona nyuzi nyingi zikichezacheza kama nywele ndani ya maji. Kwa X bila Y hakuna kinachocheza.

Lakini hilo la joto ndilo linaloweza kukuangusha. Dume wa kawaida, mwenye Y yake nzima, akikulia kwenye nyuzi 30 hivi anatoka mgumba. Chumba cha Dar mchana wa Januari kinafika huko bila shida. Kwa hiyo usipasue dume mwekundu peke yake: chukua madume weupe watano kutoka chupa ile ile, waliotoka siku ile ile, uwapasue sambamba. Kama mbegu za weupe zinacheza na za mwekundu hazichezi, una X bila Y. Kama zote zimelala, chupa iliiva kwa joto na kipimo hicho hakina maana. Zilaze chupa kwenye beseni pana lenye maji, weka kipimajoto ndani ya maji hayo, na uandike joto la saa 8 mchana, siyo la asubuhi.